Kisu kilishapita, ugonjwa ukabaki

*Ukambani karibu kila mwanamume ametahiriwa. Kwa sababu hiyo, ugonjwa wa ngozi unaokaza govi na kuziba tundu la mkojo hupita bila kutambuliwa, na anayebaki nao ukubwani huambiwa ana maradhi ya zinaa.*

Na Mwandishi Wetu

Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, mabenchi ya vituo vya afya kutoka Mwingi hadi Mtito Andei hujaa wavulana. Wengine wameletwa na baba, wengine na mjomba. Kazi yenyewe ni ya muda mfupi: sindano ya ganzi, mkato, nyuzi, bendeji. Kisha mvulana hurudi nyumbani akitembea miguu imepanuka, leso kaishika kwa mbele isiguse kidonda.

Katika foleni kama hiyo, mara mojamoja mhudumu hukutana na govi lisilokubali kurudi nyuma. Govi la kawaida la mtoto, hata kama halijafunguka, ni laini na hunyumbuka. Hili ni jeupe ukingoni, gumu, limebana hadi likaacha kitundu tu cha kupitisha mkojo.

Mhudumu huongeza uangalifu, hukata, hushona. Alichokikata huingia kwenye ndoo ya taka pamoja na pamba zenye damu. Mzazi huambiwa mambo yamekwenda vizuri, na mara nyingi huwa yamekwenda vizuri kweli.

Ila govi la namna hiyo huenda lilikuwa na ugonjwa, na ugonjwa huo hauishi daima pale kisu kinapoishia. Madaktari huuita likeni sklerosi. Kwingineko duniani, wanaume walioupata huketi na daktari wakapima mambo mawili: watahiriwe, au wapake krimu kali ya steroidi kwanza? Huku Ukambani, katika kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya, mizani hiyo huwa imeinuliwa mapema na mila, kabla mtu yeyote hajajua kuna ugonjwa wa kupimwa. Nani basi anamfuatilia yule ambaye kisu hakikummalizia shida?

Ngozi inayogeuka nyeupe

Daktari Mfaransa Henri Hallopeau aliueleza ugonjwa huu mwaka wa 1887. Ni uvimbe wa muda mrefu wa ngozi, hasa ya sehemu za siri, unaohusishwa na kinga ya mwili kuishambulia ngozi yake yenyewe. Hauambukizi. Hauletwi na uzinzi wala uchafu.

Ngozi huanza kuwasha au kuuma, kisha hupoteza rangi na kukunjamana kama karatasi ya sigara. Huchanika kirahisi wakati wa tendo la ndoa. Baadaye kovu hukomaa: govi hukaza, tundu la mkojo hupungua, na kwa wengine kovu huingia ndani ya njia ya mkojo yenyewe.

Kwenye ngozi nyeusi weupe huo huonekana wazi, na ndiyo maana hufananishwa upesi na mbalanga. Tofauti ni kwamba mbalanga huondoa rangi tu. Haikazi ngozi, haichani, haizibi mkojo.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2003 uliangalia wanaume zaidi ya 150,000 waliohudumiwa katika hospitali ya jeshi ya Brooke, Texas. Waliokutwa na ugonjwa huu walikuwa 108, takriban 70 katika kila 100,000. Kwa wanaume weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kiwango kilikuwa karibu mara mbili ya kile cha wazungu. Anayedhani haya ni maradhi ya Ulaya na afikirie tena.

Daktari wa ngozi Christopher Bunker wa London amefanya kazi miaka mingi juu ya wazo moja: kwamba matone ya mkojo yanayonaswa chini ya govi, siku baada ya siku, ndiyo yanayoiudhi ngozi hadi iugue. Wazo hilo linaeleza kwa nini ugonjwa ni nadra sana kwa waliotahiriwa wakiwa wachanga. Linaeleza pia kwa nini mwanaume mnene, ambaye mafuta ya tumbo yameufunika uume wake, anaweza kuupata hata kama alitahiriwa zamani. Mkunjo wa ngozi umerudi mahali ulipoondolewa.

Nzaiko na umri wa hatari

Mkamba hatahiriwi akiwa mchanga. John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka wa 1931, alieleza katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba hatua ya kwanza ya nzaiko, jando la Wakamba, ilimkuta mtoto akiwa na miaka kati ya minne na saba. Ngariba alikata, ukoo ukacheza ngoma, na mtoto akaanza safari ya kuwa mtu kamili wa jamii. Nzaiko kubwa, yenye mafunzo, ilifuata baadaye.

Siku hizi kisu kimehamia kwa mhudumu wa afya, na wazazi wengi husubiri likizo mtoto akiwa tayari yuko shule ya msingi. Umri umesogea mbele.

Weka hapo matokeo ya daktari András Kiss na wenzake wa Hungary. Kwa miaka kumi walichunguza wavulana 1,178 wenye tatizo la govi kubana na kupima magovi yao maabara. Katika matokeo waliyochapisha mwaka wa 2005, asilimia 40 walikuwa na likeni sklerosi, na kiwango kilikuwa juu zaidi kwa wenye umri wa miaka tisa hadi kumi na mmoja.

> Mvulana wa Hungary hugunduliwa kuwa na ugonjwa katika umri uleule ambao mvulana wa Makueni hupelekwa kutahiriwa. Tofauti ni kwamba wa Hungary hupimwa.

Wavulana hao wa Hungary walikuwa wamepelekwa hospitalini kwa sababu govi lilibana, kwa hiyo asilimia hiyo haiwezi kuhamishiwa kwa kila mtoto aliyeko kwenye foleni ya Agosti. Wengi katika foleni hiyo wana govi zima kabisa. Lakini umri unalingana, na hilo linatosha kumfanya mhudumu aangalie kabla ya kukata.

Wenye krimu na wenye kisu

Madaktari wa ngozi huanza na krimu. Mwongozo wa chama chao nchini Uingereza wa mwaka wa 2018 unapendekeza klobetasoli ya asilimia 0.05, mara moja kwa siku, kwa mwezi mmoja hadi mitatu. Mgonjwa huacha sabuni na kutumia mafuta laini yasiyo na manukato. Bunker na wenzake walipochapisha mwaka wa 2012 taarifa za wanaume zaidi ya 300 waliowatibu, nusu hadi asilimia 60 walitulia kwa krimu peke yake. Kati ya waliobaki wakafanyiwa upasuaji, mara nyingi tohara, zaidi ya robo tatu walipata nafuu.

Madaktari wa upasuaji wana hesabu yao. Depasquale, Park na Bracka walichapisha mwaka wa 2000 taarifa za wagonjwa 522. Wale ambao ugonjwa wao ulikuwa kwenye govi na kichwa cha uume tu, na wakatahiriwa, walikuwa 287. Tohara ilitosha kwa 276 kati yao.

Ukisoma haraka utasema kisu kimeshinda. Mimi sioni ushindi hapo. Aliyefika kwa daktari wa upasuaji mara nyingi ameshabanwa na kovu, na aliyefika kwa daktari wa ngozi bado anawashwa. Hao ni wagonjwa wa hatua tofauti. Krimu huzima uvimbe ila hailegezi kovu lililokomaa. Kisu huondoa kovu na ule mkunjo unaonasa mkojo, ila hakiigusi ngozi ya kichwa cha uume inayobaki.

Kiss alionyesha mpaka huo waziwazi mwaka wa 2001. Wavulana 40 waliokuwa wakingoja kutahiriwa walipakwa ama krimu ya steroidi ama krimu isiyo na dawa, kwa wiki tano. Kati ya 17 waliopata dawa, saba waliendelea vizuri, na walikuwa wale wa hatua ya mwanzo. Katika kundi lisilo na dawa, hakuna aliyepata nafuu.

Kwa mwanaume asiyetahiriwa, tuseme wa Siaya au Turkana, ushauri unaotokana na haya ni wa moja kwa moja: akiwahi, ajaribu krimu chini ya uangalizi, kovu likishakaza, atahiriwe. Kitui na Makueni hadithi ni nyingine.

"Wewe si ulitahiriwa?"

Hebu tumfikirie mwanaume wa miaka 45 mwenye kibanda cha matunda Emali. Alitahiriwa akiwa darasa la nne. Govi lake lilikuwa limebana, lakini hakuna aliyelizungumzia, na yeye hakumbuki. Sasa mkojo unatoka mwembamba, unarushwa pembeni, na lazima ajikamue. Kichwa cha uume kina doa jeupe karibu na tundu. Mke wake analalamika, na yeye mwenyewe ameanza kuogopa kitanda chake.

Huanzia duka la dawa, na hapo huulizwa kama ametoka nje ya ndoa. Hupewa antibiotiki za kisonono. Wiki mbili baadaye hali ni ileile, na nyumbani maneno yameshaanza. Akifika kituo cha afya na kutaja govi, swali hurudi kwake: mzee, wewe si ulitahiriwa?

Swali hilo ndilo linalofunga mlango. Mhudumu aliyefundishwa kwamba huu ni ugonjwa wa wasiotahiriwa hana sababu ya kuufikiria kwa Mkamba. Njia ya mkojo iliyobana huandikiwa kisonono cha zamani au ajali. Doa huandikiwa ukungu. Kila jibu lina mantiki yake, ila hakuna hata moja linalomsaidia.

> Njia ya mkojo ikibana, kibofu husukuma kwa nguvu kwa miaka, na mwishowe figo ndizo zinazolipa.

Kwa mwanaume huyo, kupima kati ya kisu cha tohara na krimu kumekwisha. Akiwahi, krimu ndiyo dawa: kiasi kidogo, kwenye doa tu, kwa muda uliopangwa, kisha uchunguzi. Tundu la mkojo likiwa limebana, hupanuliwa kwa upasuaji mdogo, na krimu huendelea ili kovu lisirudi. Kovu likiwa limeingia ndani, kazi ni ya bingwa wa njia ya mkojo.

Mabingwa kama Guido Barbagli wa Arezzo, Italia, wamechangia sana kueleza jambo hili: njia ya mkojo iliyoharibiwa na likeni sklerosi haijengwi upya kwa ngozi ya sehemu za siri, kwa kuwa ngozi hiyo nayo huugua. Hutumika utando wa ndani ya shavu. Daktari asiyejua chanzo cha kubana anaweza kutumia ngozi isiyofaa, na upasuaji ukaharibika miaka michache baadaye. Kwa hiyo jina la ugonjwa huamua nyama itakayokatwa itoke wapi.

Kuna pia saratani. Tafiti za ughaibuni hutaja asilimia ndogo, chini ya 10, ya wanaume wenye likeni sklerosi wanaopata saratani ya uume. Afrika Mashariki imewahi kuijua vizuri saratani hiyo. Mwaka wa 1963 Dodge na Linsell waliandika kuhusu wagonjwa wa Uganda na Kenya, wakaonyesha kwamba ilionekana mara chache zaidi katika jamii zinazotahiri wavulana. Mwaka wa 1966 daktari wa upasuaji Kyalwazi aliandika kuhusu wagonjwa 153 waliolazwa Mulago, Kampala.

Tohara inapunguza hatari hiyo, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini aliyetahiriwa akiwa tayari mgonjwa hawezi kuhesabiwa pamoja na aliyetahiriwa mzima. Kidonda kisichopona, uvimbe mgumu au sehemu inayotoka damu inahitaji kukatwa kipande na kupimwa maabara, hata kama mwenye uume alipitia nzaiko miaka arobaini iliyopita.

Dawa nzuri sokoni pabaya

Klobetasoli ni miongoni mwa steroidi kali zaidi za kupaka. Ikitumiwa ipasavyo, tyubu moja ya gramu 30 humtosha mgonjwa wa likeni sklerosi kwa karibu miezi mitatu.

Dawa hiyohiyo huuzwa kwa watu wanaotaka kujichubua. Huchanganywa na losheni, hupakwa usoni na shingoni kila siku, na ngozi hulainika, hung'aa, kisha huwa nyembamba hadi mishipa ikaonekana. Kisheria steroidi kali inahitaji cheti cha daktari. Sokoni hupatikana bila swali.

Matokeo yake ni hofu inayoelekezwa mahali pasipofaa. Anayeihitaji kweli anaambiwa na jirani kwamba itamchubua na kumletea ugonjwa, naye anaiacha baada ya siku tano. Asiyeihitaji anaimaliza kwa wiki.

Kisha kuna krimu za mseto, zenye steroidi, dawa ya ukungu na antibiotiki katika tyubu moja. Ni rahisi kuzipenda kwa kuwa hutuliza karibu kila kitu kwa siku chache. Hutuliza muwasho wa ukungu huku ukungu ukienea chini kwa chini, na hufunika doa ambalo daktari angelipenda kuliona. Virusi vya malengelenge au vya masundosundo vikiwapo, steroidi inaweza kuvipa nafasi. Kupaka kabla ya kuangaliwa ndilo kosa; krimu yenyewe haina kosa.

Daktari wa ngozi ni adimu. Wengi wako Nairobi na miji mikubwa, na Kitui iko karibu kilomita 170 kutoka huko. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwafundisha matabibu na wauguzi wa nchi nyingi za Afrika tangu 1992, kwa sababu ilijulikana mapema kwamba madaktari bingwa hawatatosha. Tabibu mmoja aliyefunzwa hivyo katika hospitali ya rufaa ya kaunti angeweza kuliona doa hili kwa macho tu.

Wanawake huupata ugonjwa huu zaidi kuliko wanaume, na kwao hakuna govi la kusingizia. Mama anayewashwa kwa miaka na kutibiwa ukungu bila kupona anastahili makala yake mwenyewe. Hapa itoshe kusema kwamba dawa yake ya kwanza ni klobetasoli hiyohiyo.

Mvulana wa miaka kumi

Mzazi afanye nini basi? Kwanza aelewe kwamba govi la mtoto lisilorudi nyuma si ugonjwa. Mdenmark Jakob Øster aliwachunguza wavulana wa shule na kuonyesha mwaka wa 1968 kwamba govi hufunguka lenyewe kadiri mtoto anavyokua; wakifika miaka 17, waliobanwa walikuwa kama mmoja kati ya mia. Kulivuta kwa nguvu wakati wa kuoga huchana ngozi na kuleta kovu ambalo halikuwapo.

Kinachotia wasiwasi ni govi lililokuwa likirudi kisha likakataa, ukingo mweupe na mgumu, damu, maumivu, au mkojo unaolivimbisha govi kabla ya kutoka. Mvulana mwenye dalili hizo, katika jamii ambayo itamtahiri hata hivyo, atahiriwe upesi na mtu aliyefunzwa. Kumpaka krimu kwa miezi ili kuliokoa govi ambalo familia imeshaamua kuliondoa ni kumchelewesha. Wiki chache za krimu kabla ya kisu ili kupunguza uvimbe, kama daktari ataona inafaa, ni jambo jingine.

> Kwa mvulana huyu tohara ni matibabu, na matibabu yana siku ya kurudi hospitalini.

Na hapa mahali pa kukatia pana uzito. Utafiti wa Bungoma uliochapishwa mwaka wa 2008, uliofuatilia vijana zaidi ya 1,000, ulikuta matatizo kwa asilimia 35 ya waliotahiriwa kimila na asilimia 18 ya waliotahiriwa katika vituo vya afya. Bungoma si Kitui, na asilimia 18 si sifa kwa kituo chochote. Ngozi yenye likeni sklerosi ni ngumu zaidi kukata na kushona kuliko ngozi nzima, kwa hiyo mtoto huyo asiwe wa mwisho kwenye foleni ya siku yenye watoto wengi.

Mpango wa taifa wa tohara ya hiari ulioanza mwaka wa 2008 ulielekezwa hasa Nyanza, baada ya utafiti wa Kisumu na mingine miwili kuonyesha kwamba tohara hupunguza maambukizi ya HIV kwa wanaume. Mpango huo ulikuja na mafunzo, fomu, siku za kurudi na namba za simu. Ukambani haukuwa mlengwa kwa sababu ulikuwa umetahiri kabla ya kuambiwa. Jamii iliyotangulia ikakosa zile fomu.

Kinachohitajika si kikubwa. Mhudumu aangalie na kuandika rangi ya govi na ukubwa wa tundu la mkojo kabla ya kukata. Govi jeupe na gumu liwekwe kwenye chupa ya fomalini, lipelekwe kwa mpatholojia. Mzazi apewe barua ya kumrudisha mtoto baada ya miezi mitatu, aonwe akikojoa, na tyubu ya krimu itolewe ikiwa kichwa cha uume bado kina doa. Kwenye barua hiyo pawe na jina la ugonjwa, ili mtoto akifika miaka 45 asiulizwe alilala na nani.

Gharama ya maabara ndiyo itakayokwamisha. Baba aliyetoka Mutomo na mwanawe kwa ajili ya tohara amepanga nauli, malipo ya kituo na kuku wa nyumbani. Hakupanga kulipia kipimo cha kitu alichodhani kinatupwa. Lakini tangu ugatuzi wa mwaka wa 2013 hospitali hizi ziko chini ya kaunti, na Makueni iliwahi kuthubutu, ikaanzisha bima ya shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka wakati taifa zima bado likibishana kuhusu afya kwa wote. Nani alipie chupa ya fomalini, na katika vituo vingapi, ni uamuzi unaoweza kufanywa Kitui na Makueni kabla ya shule kufungwa Agosti ijayo.